Kulikagua bwawa la kuzuia mafuriko kabla mvua hazijaanza

Nyumba yetu iko chini ya bwawa, mwendo wa robo saa kwa miguu, upande ule wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, ambako mto Kinyasungwe unateremka kuelekea Kilosa na kubadilika jina kuwa Mkondoa. Bwawa lenyewe ni tuta la udongo lililozibwa kwenye kijito kimoja kinachomwaga maji mtoni humo. Marehemu baba alikuwa mlinzi wake. Mimi sasa ni katibu wa kamati ya bwawa, na kila Novemba napanda kulikagua nikiwa na jembe, panga, ndoo ya lita 20, chupa tatu tupu za maji ya dukani, kamba, vigingi na kauntabuku. Naandika hapa ninavyofanya, kwa ajili ya wenzangu wanaolala chini ya tuta kama mimi.

Jambo la kwanza ni kujua bwawa lako limejengwa kwa kazi gani, maana kwetu hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Bwawa la mafuriko linatusaidia kwa ile nafasi yake tupu. Mvua kubwa ikinyesha milimani, bwawa linayameza maji yale kwa pupa kisha linayaachia kidogo kidogo. Sasa wafugaji wanataka lijae mwaka mzima, na siwalaumu, ng'ombe hawanywi nafasi tupu. Lakini likiingia Desemba limejaa, gharika ya kwanza haitapata mahali pa kukaa. Tulikaa vikao vitatu hadi tukakubaliana: tumepiga alama ya rangi nyekundu kwenye nguzo ya kupimia maji, na mvua zikikaribia maji hayaruhusiwi kupita alama hiyo. Mifugo imechimbiwa lambo la pembeni. Tope nalo linakula nafasi ileile. Oktoba maji yakipungua, chomeka mti mrefu wenye alama sehemu zilezile kila mwaka, uandike kina. Utashangaa bwawa linavyojaa udongo wa mashamba ya juu.

Halafu nenda kwenye utoro, ile njia ya pembeni ya kumwaga maji yanayozidi. Hapa kaa muda mrefu. Tuta la udongo halijaumbwa kupitiwa na maji juu yake. Yakipita, yanalikata kama kisu, na saa moja inaweza kutosha kulimaliza. Utoro ndio unaolinusuru. Na utoro ndio watu wanaouchezea zaidi, kwa sababu miezi kumi ya mwaka ni mkavu na unaonekana kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Nimekuta humo mahindi yamepandwa, tanuri la matofali, uzio wa miiba, na wavu wa kuzuia kambale wasitoroke. Kiangazi kimoja nilikuta mifuko ya mchanga imepangwa mstari ili maji yabaki mengi. Mfuko mmoja ukipandisha maji sentimita 30, umeiba sentimita 30 za usalama wa kila mtu aliye bondeni. Iondoe siku hiyohiyo, usingoje kikao. Fyeka vichaka, toa magogo, hakikisha maji yakitoka yanaelekea mbali na mguu wa tuta wala hayajirudi kuula.

Anayeona nasisitiza mno akumbuke Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Mwanzoni ilitangazwa kuwa bwawa limepasuka. Baadaye mamlaka zikaeleza kuwa maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe, karavati la chini yake likiwa limezibwa na takataka, mpaka tuta likaachia. Makumi ya watu walikufa. Tuta lolote lisilo na pa kutolea maji ni bwawa, hata kama hakuna aliyeliita hivyo. Sisi tuna reli inayopita bondeni kwetu, kwa hiyo siku ya ukaguzi natembea hadi kwenye karavati zake pia na kuchungulia kama ziko wazi.

Baada ya utoro, panda juu ya tuta. Unatafuta mahali palipodidimia, maana maji hayatajali wastani wa kimo, yatapita pale pa chini kabisa. Kwetu palikuwa ni pale ng'ombe na bodaboda wanapokatisha. Jicho linadanganya; azima kwa fundi ujenzi ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani anaopimia usawa wa msingi, ujaze maji, ulinganishe sakafu ya utoro na sehemu ya chini kabisa ya tuta. Sisi tulitakiwa mita moja na nusu kati ya hivyo viwili. Tulipopima tulikuta mita moja na robo. Wanakijiji walibeba udongo wa mfinyanzi siku nne, tukaumwaga tabaka jembamba moja baada ya jingine, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya kuweka jingine. Udongo uliorundikwa tu bila kushindiliwa ni kazi bure.

Nyufa zipige vigingi. Kimoja huku, kingine kule, pima kati yake kila wiki. Ufa unaokwenda kwa urefu wa tuta unanitisha kuliko nyufa ndogo za jua, kwa sababu unaweza kuwa dalili kwamba upande mmoja umeanza kuteleza. Miti mikubwa usiiache iote tutani, mizizi ikioza huacha mashimo. Ila uliyoukuta tayari ni mkubwa usiung'oe kwa pupa, muulize mhandisi kwanza. Ukoka ndio nyasi tunazoziacha ziote tutani. Mashimo ya nungunungu na mhanga yaandikwe, yazibwe kwa mfinyanzi ulioshindiliwa.

Sasa teremka nyuma ya tuta, upande wa bondeni, hadi mguuni kabisa. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Karibu kila tuta la udongo linavuja kidogo, na kuvuja peke yake si msiba. Linaloua ni maji yanayotoka na udongo. Yakianza kubeba chembe, yanachimba mfereji ndani kwa ndani kuanzia nyuma kwenda mbele, huku juu majani yako kijani na wewe unaona kila kitu kiko salama. Kwetu palikuwa na kijichemchemi mguuni mwa tuta tangu nikiwa msichana. Akina mama tulifulia hapo. Baba alikifukia ndoo ardhini na kuhesabu inajaa kwa muda gani, akaandika. Dakika saba, dakika saba, dakika saba na nusu, miaka na miaka. Januari moja nikakuta imejaa kwa dakika tatu, na maji yana rangi ya chai ya maziwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila penye unyevu weka alama. Panapotiririka, elekeza maji kwenye ndoo, hesabu muda kwa simu, andika pamoja na kimo cha maji bwawani siku hiyo, kwa sababu bwawa likijaa ni kawaida uvujaji kuongezeka. Kinga maji kwenye chupa, andika tarehe, uiweke dirishani hadi asubuhi. Kama chini kumetuama udongo, usingoje wiki ijayo. Angalia pia kama kuna vilima vidogo vya mchanga vinavyochemka maji katikati, na majani yaliyo mabichi mahali pamoja wakati pengine pote pamekauka.

Siku ile ya rangi ya chai, vijana walitaka kuziba tundu kwa mfinyanzi na mawe. Niliwazuia, maana ndivyo baba alivyofundishwa na wahandisi: ukiziba kwa nyuma, maji yatatafuta pengine pa kutokea, na hutapaona. Unayaacha maji yapite lakini unazuia udongo. Tulizungushia mifuko ya mchanga kama ukuta wa kisima, tukamwaga mchanga safi wa mtoni juu ya tundu, kisha kokoto ndogo, kisha kubwa. Jioni yalianza kutoka meupe. Huku tukifungua koki ya bomba la kutolea maji, ambayo ilikuwa imeshika kutu na kutupotezea saa mbili. Tangu hapo naipaka grisi na kuifungua kila mwezi. Ukiyashusha maji siku za kawaida, tulielekezwa yasizidi kama sentimita 30 kwa siku, kwa sababu upande wa ndani ulioloa unaweza kuporomoka maji yakiukimbia ghafla.

Kauntabuku yako inafaa ikifika kwa mwenye utaalamu. Kwetu ni ofisi ya bonde la Wami/Ruvu. Mabonde yote yana bodi zake za maji chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, na mwenye bwawa anawajibika kwa usalama wake. Pelekeni barua yenye vipimo na picha kupitia kwa mtendaji wa kijiji, mbaki na nakala yenye mhuri. Barua inayosema "bwawa letu bovu" hukaa mezani. Inayosema "ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika saba mwaka jana, mwaka huu tatu" humleta mhandisi.

Mwisho ni usiku. Kilosa walivamiwa na Mkondoa Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu wakaishia kwenye mahema. Solai, kule Nakuru, Kenya, bwawa la Patel lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, likaua zaidi ya watu 40. Kwa hiyo mvua ikizidi, wawili wetu hulala zamu tutani na tochi na simu zilizochajiwa. Maji yakifika sakafu ya utoro wanampigia mwenyekiti wa kitongoji na bwana stesheni. Yakitoka na udongo, au tuta likianza kukatika, hakuna kupiga simu kwanza: wanaligonga rimu la shuleni bila kupumzika, na kila mtu anapanda mlima wa magharibi, si kufuata barabara ya mtoni. Kila mzee asiyeweza kupanda ana bodaboda aliyepangiwa kwa jina. Mama yangu ni wa kijana wa nyumba ya tatu, na Novemba hii wameshajaribu mara mbili: dakika kumi na moja.