Unataka kuandika maisha ya sheikh wenu? Anza hivi

Kila sheikh akifariki tunaletewa ile ile, "alikuwa mpole, mcha Mungu, mtu wa msimamo wa kati, aliunganisha umma", ukibadilisha jina tu inamfaa sheikh yeyote. Mi nshachoka nazo. Kama kweli unataka kumwandika mwalimu aliyeongoza watu huku kwetu pwani, sifa ziweke kando kwanza, we tafuta aliamua nini na nani alikasirika.

Wa kujifunzia kazi hii ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, kazaliwa 1891 kafariki 1947, manake yeye kaacha maandishi. Anza na walimu wake. Ukiandika "alisoma Zanzibar" ukaishia hapo hujasema kitu. Alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, hao ni watu wa twarika ya Alawiyya kabisa, yaani njia ya kisufi, halafu baadaye akawa anafuatilia mawazo ya wanamageuzi wa Kiislamu, akina Muhammad Abduh na Rashid Rida kule Misri, na kukosoa mambo mengi yaliyozoeleka akiyaita bid'a, yaani mambo yaliyozushwa kwenye dini. Sasa mwanafunzi huyo akaishi vipi na heshima ya walimu wake? Hilo swali ndo kitabu chenyewe, na sheikh wenu pia analo la kwake, ulitafute. Uliza alisoma kwa nani, kitabu gani, nani alimpa ijaza, ile ruhusa ya mwalimu ya kufundisha.

Halafu njoo kwenye maamuzi. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianzisha gazeti la Al-Sahifa, 1932 likaja Al-Islah, na humo alikuwa akiwahimiza Waislamu wasomeshe watoto elimu ya kisasa, mabinti nao, na huku huku anawakemea wanaoiga Wazungu kwa mavazi na mienendo. Umeona? Huhitaji tena kuandika "msimamo wa kati", msomaji kashaelewa mwenyewe. 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki. Kwa sheikh wa mtaani uliza mambo ya mirathi, talaka, mwezi ukizozaniwa alifunga na nani, na tafadhali nenda pia kwa waliokuwa hawaelewani naye, hao wanakumbuka vizuri kuliko wanafunzi.

Na wanawake jamani, tunawasahau. Mke, binti, waliokuwa wakisoma nyuma ya pazia. Wanaume watakwambia hotuba zake, mama ndo atakwambia nani alikuwa anabisha hodi usiku na shida gani.

Tarehe zitakuchosha. Wazee wanahesabu kwa Hijria na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo mzee akisema sheikh alifariki na miaka 66 ya Kiislamu, kwa miladi ni kama 64. Andika zote mbili, 1947 hiyo ni 1366. Majina nayo, usiandike "Sheikh Ali" peke yake, ukoo mmoja una akina Ali hata hujui unaongea na yupi, shuka mpaka kwa babu.

Kurikodi: zima feni! Mimi nilikaa na mzee mmoja saa mbili nzima, kurudi nyumbani nasikia vuuuu tu. Barua za zamani zipige picha karibu na dirisha mchana, bila flashi, usizipeleke kulaminetiwa hata kidogo, na zikiwa ni Kiswahili cha hati za Kiarabu mtafute mzee anayezisoma mapema, wanapungua.

Karama je, yale mambo ya ajabu ya watu wa Mungu? Watu watakwambia alijua mgeni anakuja kabla hajafika. Usikate wala usiapie, andika nani kasimulia na yeye aliipata wapi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, huyu aliyefasiri Qurani kwa Kiswahili na akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika maisha ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, na ukimsoma unaona anavyofuata nani kasoma kwa nani, mnyororo mzima. Mwibie hiyo.

Ukimaliza usirushe mtandaoni bado. Kaa na familia uwasomee kwa sauti yote, na kalamu mkononi, manake ndo hapo binti atakapokukatiza akwambie huyo unayemwita mjomba wake alikuwa ni mwanafunzi tu.