Masalia ya uyoga kwenye bustani ya mboga: yaandae kwanza, ndipo uyafukie

Mifuko ya uyoga ikishavunwa mara kadhaa huchoka, na mkulima hutaka kuiondoa bandani haraka. Kilichobaki ndani, yaani masalia, bado ni mali kwa mwenye bustani, mradi asikitegemee kama mbolea ya dukani. Kazi yake kubwa ni kutengeneza udongo: wa mfinyanzi hulegea, wa kichanga hushika maji. Virutubisho vimo, ila hutoka polepole.

Hatua ya 1: Uliza yametoka kwenye uyoga gani

Wengi huruka hapa, na ndipo matatizo yao yanapoanzia.

Uyoga mweupe wa vifungo huoteshwa kwenye mboji ya mabua ya ngano na samadi ya farasi au kuku, pamoja na jasi, kisha hufunikwa kwa tabaka lenye chokaa. Masalia yake yana naitrojeni ya kuridhisha, lakini yana chumvi nyingi, na pH yake (kipimo cha uchachu) mara nyingi huwa kati ya 6.5 na 8.

Uyoga wa mamama huoteshwa kwenye mabua, maranda ya mbao, magunzi au maganda ya mbegu za pamba. Chumvi hapa si tatizo kubwa. Tatizo ni kaboni. Ukiyafukia mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni iliyomo kwenye udongo, na mboga zako hudumaa na kugeuka manjano. Maranda ndiyo yanayosumbua zaidi.

Uliza pia kama banda lilipuliziwa dawa ya wadudu. Mwenye banda asipojua alipuliza nini, mimi simchukulii mzigo wake.

Hatua ya 2: Toa plastiki, vunja mabonge

Lowesha kidogo kabla ya kuvunja na uzibe pua na mdomo, maana vumbi lake huwasha kifua.

Hatua ya 3: Rundika, kisha vumilia

Masalia ya uyoga wa vifungo yaache wazi kwa miezi 3 hadi 6 ili mvua ioshe chumvi. Mvua isiponyesha, mwagilia mwenyewe. Lundo likae mbali na kisima au kijito, kwa sababu maji yanayochuruzika hubeba chumvi na virutubisho.

Ya mamama yanahitaji kuongezewa naitrojeni. Mimi huchanganya ndoo 1 ya samadi ya kuku kwa ndoo 4 za masalia, naweka maji na kufunika kwa turubai. Shika konzi moja uikamue: yakidondoka matone machache, unyevu unatosha. Geuza lundo kila baada ya wiki mbili hivi.

Limeiva likiwa jeusi, limepoa, linanukia udongo, na nyuzi nyeupe za uyoga zimekwisha. Uyoga ukichipua juu ya lundo usiuchume kwa mazoea. Wa porini nao huota hapo, na mwingine una sumu.

Hatua ya 4: Jaribu kwa maharage

Jaza kopo moja udongo mtupu, na jingine udongo na masalia nusu kwa nusu. Panda maharage 10 kila kopo. Maharage hayavumilii chumvi, kwa hiyo hayafichi kitu. Kopo la pili likiota vibaya, au kingo za majani zikiungua, endelea kuosha lundo kwa maji.

Hatua ya 5: Changanya na udongo

Tandaza unene wa sentimita 2.5 hadi 5. Sentimita 2.5 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 25, yaani ndoo ya lita 20 na robo yake. Changanya hadi kina cha sentimita 15 au 20, mwagilia, acha wiki mbili. Mara moja kwa mwaka inatosha.

Kama pH ya shamba lako tayari imepita 7, achana na masalia ya vifungo. Chuma kitakuwa kigumu kwa mimea kukipata, na majani machanga yatakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Hatua ya 6: Panda kwa mpangilio

Anza na kabichi, spinachi au viazisukari vyekundu (bitiruti). Karoti, vitunguu na maharage visubiri msimu wa pili. Kwenye kitalu cha miche, masalia yasizidi robo ya mchanganyiko. Mboga zenye njaa kama kabichi bado zitahitaji samadi. Yakibaki, yatumie kama matandazo, lakini yasiguse shina.