Namna ya kuisoma falsafa ya mwandishi kwenye muundo na msuko: mfano wa Kusadikika

Majibu mengi ya fasihi ninayosahihisha yana sentensi hii: "Mwandishi ametumia muundo rejea" (yaani masimulizi yanayorudi nyuma kwa wakati), kisha nukta. Aya inayofuata inarukia falsafa, kana kwamba mambo hayo mawili hayajuani. Tuyaunganishe kwa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert (1951).

Hatua ya 1: Andika mifupa ya kisa
Nusu ukurasa inatosha, bila sifa za wahusika. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotiwa gerezani. Mfalme anasikiliza. Wajumbe wanafunguliwa, Karama anaachiwa.

Hatua ya 2: Tafuta kinachojirudia
Hapa usiharakishe. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini: kila mmoja anatumwa, anataabika, anarudi na mashauri ya kuifaa nchi, anatiwa gerezani. Wako wanaochoka wakifika mjumbe wa nne na kumlaumu mwandishi. Kwangu mimi uchovu huo ni sehemu ya hoja. Angefungwa mmoja tu, tungesema kaponzwa na adui zake. Wakifungwa sita kwa mtindo uleule, kumtafuta mbaya mmoja hakusaidii tena. Kilichooza ni utaratibu wenyewe wa kuhukumu. Na hakuna mhusika aliyelazimika kulitamka hilo.

Hatua ya 3: Uliza kwa nini kisa kimekaa pale kilipokaa
Habari hizo zingeweza kupangwa kwa mfuatano wa wakati, safari zitangulie na kesi ije mwisho. Mwandishi kaanza na baraza, kisha akaziingiza safari ndani yake. Kwa mpango huo kila safari inakuwa ushahidi, tena wajumbe wangali kifungoni wakati Karama anasema. Mshtakiwa anageuka mshtaki bila kuondoka kizimbani. Hicho ndicho cha kuandika baada ya "ametumia muundo rejea".

Hatua ya 4: Badili mwisho, uone riwaya inapoteza nini
Tuseme Karama ananyongwa: hoja zake zote zinabaki kelele. Tuseme raia wanavunja gereza: ushindi unakuwa wa umati. Shaaban Robert kachagua mfalme ashawishike kwa maneno. Ndiyo imani yake: dhuluma ikielezwa kwa hoja na subira mbele ya mwenye mamlaka, sheria inaweza kujirekebisha. Ukiona imani hiyo ni nyepesi mno (hata mimi huwa nasita hapo), ipinge kama falsafa. Kuandika tu kwamba mwisho "si halisi" hakukupi alama.

Hatua ya 5: Pima kwa riwaya inayoikataa imani hiyo
Chukua Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974). Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anasimulia mwenyewe. Vifo vinaiandama familia yake, naye anaishia kujiua. Hakuna baraza wala mfalme wa kupelekewa malalamiko. Nafsi ya kwanza inatufungia ndani ya kichwa kimoja chenye mashaka, na msuko (jinsi matukio yanavyofungamana) haumpi mlango wa kutokea. Rudia nayo hatua nne za juu, ila anzia ya 4: Kazimoto angeamua kuishi, ni hoja gani ya mwandishi ingeanguka?