Kupima shule ya msingi ya serikali: anza na darasa la kwanza, matokeo baadaye

Wazazi wengi wakitafuta shule ya msingi ya serikali swali la kwanza ni "matokeo yao yakoje", wanaonyeshwa wastani wa mtihani wa mwisho, namba ikipendeza wanaandikisha. Naelewa, namba inatulizaga roho. Ila mtoto wako haendi kuingia darasa la mwisho, anaingia la kwanza, na ule wastani una mambo mengi ndani yake ambayo sio kazi ya shule. Ripoti ya Coleman iliyotoka Marekani mwaka 1966 ndo iliyolifanya hili lijulikane sana, kwamba tofauti za matokeo kati ya watoto zinachangiwa mno na hali ya nyumbani, na watafiti wameendelea kuliona hilo hadi leo. Kwa hiyo shule yenye watoto wa wazazi waliosoma inaweza kukaa juu kila mwaka hata kama ufundishaji wenyewe ni wa kawaida, na ya jirani yenye wastani wa chini ikawa inawatoa watoto mbali sana.

Matokeo uyaangalie, sisemi uyatupe. Chukua ya miaka mitatu minne, afu uliza: darasa hili lililofanya mtihani lilianza na watoto wangapi? Kama walianza wengi na waliofika mwisho ni wachache, ujue wenye shida wameachwa njiani, wamekaririshwa au wameambiwa wahame, na wastani umepanda kwa njia hiyo. Kama wako ndo angekuwa mmoja wao ungeona uchungu, kwa hiyo uliza sasa.

Baada ya hapo nenda mwenyewe, siku ya kawaida ya masomo. Siku ya mkutano wa wazazi kila kitu kinakuwa kimepangwa. Omba ruhusa ofisini mapema, ukieleza kwa heshima kwamba unataka kumleta mtoto, na namna watakavyokujibu tayari ni taarifa. Fika kabla ya kengele ya asubuhi, kaa sehemu usiyosumbua mtu, angalia walimu wanaingia saa ngapi na kengele ikilia madarasa mangapi bado hayana mtu mzima ndani. Mwangalie hasa mtoto aliyechelewa: anaulizwa kimemkuta nini na kupelekwa darasani, au anaaibishwa mbele ya wenzake na kukosa kipindi kizima? Huyo mtoto siku moja atakuwa wako, maana hakuna mtoto asiyechelewa.

Sasa omba kukaa nyuma ya darasa la kwanza au la pili, hata dakika ishirini. Kuna shule zinapanga walimu wao hodari kwenye madarasa ya mtihani na wadogo wanapewa yeyote aliyebaki, kwa hiyo uliza wazi nani anafundisha darasa la kwanza na amelifundisha kwa muda gani. Mwalimu aliyekaa na wadogo miaka mingi kwa kupenda ni hazina, shule ikiwa naye mimi niko tayari kusamehe mengi mengine. Ukiwa hapo nyuma usivutiwe na wanaonyoosha mikono mbele, waangalie walio pembeni na wa dawati la mwisho, je mwalimu anawafikia, anawaita kwa majina, akijibiwa vibaya anafanyaje? Na kuitikia kwa pamoja kusikudanganye, darasa zima linaweza kupaza sauti "ndiyo mwalimu" na nusu yao wanafuata tu midomo ya wenzao. Subiri uone kama mtoto mmoja mmoja anapata nafasi ya kusoma au kujibu peke yake.

Kusoma ndo mizani kubwa kuliko zote kwenye shule ya msingi. Benki ya Dunia mwaka 2019 ilianza kutumia kipimo cha watoto wasioweza kusoma na kuelewa hadithi fupi rahisi wakifika miaka 10, kwa sababu asiyeweza hapo masomo mengine yote yanamshinda, hata hesabu za maneno. Muulize mwalimu anafundishaje kusoma, usikie kama kuna mpango wa sauti za herufi na kuziunganisha hatua kwa hatua, au watoto wanakariri maneno kwa kuyaangalia tu. Jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lilipitia tafiti nyingi na mwaka 2000 likasema kufundisha sauti na herufi kwa mpangilio kunawasaidia watoto wanaoanza. Afu uliza swali ninalolipenda kuliko yote: mtoto akimaliza darasa la pili hajui kusoma, mnafanya nini? Jibu zuri lina mtu, lina saa na lina siku, mfano mwalimu fulani anakaa nao baada ya vipindi mara kadhaa kwa wiki. Ukijibiwa "tunawaambia wazazi wawasaidie nyumbani" basi hapo hakuna mpango.

Idadi ya watoto darasani ina maana yake, na hasa kwa wadogo. Jaribio la STAR kule Tennessee, Marekani, lililoanza 1985, liligawa watoto kwa bahati nasibu kwenye madarasa ya watoto 13 hadi 17 na ya watoto 22 hadi 25, na wa madarasa madogo wakafanya vizuri zaidi kwenye kusoma na hesabu. Shule nyingi za serikali hazifikii namba hizo, na huwezi kususia kila shule kwa sababu hiyo, ila hesabu vichwa mwenyewe badala ya kutegemea namba ya ofisini, na uone mwalimu mwenye watoto wengi anawagawaje, kuna msaidizi au yuko peke yake.

Madaftari jamani, msiyasahau. Omba kuona ya watoto watatu, mmoja anayeongoza, mmoja wa katikati, mmoja anayesuasua, na waambie wazi huhitaji majina. Angalia tarehe kwanza: kama kuna kazi ya wiki ya kwanza afu kimya hadi mwezi unaofuata, basi siku nyingi hawakuandika kitu. Angalia kalamu nyekundu, je kuna tiki juu ya jibu ambalo ni kosa? Hiyo inamaanisha zimepigwa bila kusomwa. Soma sentensi zenyewe, kama madaftari yote matatu yana maneno yaleyale neno kwa neno basi watoto wananakili ubao, hawaandiki mawazo yao. Mimi hili la anayesuasua ndo nalikazania, mwalimu akiwa ameandika pembeni namna ya kurekebisha na mtoto amerudia chini yake, hiyo shule inafundisha kila mtu.

Rangi ya ukuta na kompyuta za ofisini pita haraka. Vyoo usipite, ingia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 kwa shule zenye uwezo mdogo unasema choo kimoja kwa wasichana 25, na kwa wavulana 50 choo kimoja na sehemu moja ya kukojolea. Angalia milango inafungwa kwa ndani, maji yapo, sabuni ipo, maana mtoto anayebana haja asubuhi nzima hasikii unachofundisha.

Nidhamu uliza bila kuzunguka: mtoto akikosea mnafanyaje, na akionewa na wakubwa anamwambia nani? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto, kwa hiyo sio swali la kudeka. Wa kwako akiwa na shida ya kuona, kusikia, kuongea au kujifunza kwa taratibu, sema palepale na uulize wamewahi kumsaidia vipi mtoto kama huyo.

Wazazi waliopo tayari ni chanzo kizuri ukiwachagua. Usimuulize mzazi wa anayeongoza peke yake, mtafute ambaye mtoto wake ni wa kawaida, umuulize mara ya mwisho shule ilimtafuta kwa jambo gani. Akisema ni michango tu, andika. Akisema mwalimu alimwita kumwambia mtoto ameanza kuchanganya herufi, andika pia, kwa herufi kubwa.

Shule ya pili na ya tatu zitembelee kwa maswali hayohayo na muda uleule wa asubuhi, ukirudi andika ulichoona kabla hujalala, maana baada ya siku mbili zinachanganyikana. Umbali nao upime kwa miguu ya mtoto, saa ileile atakayokuwa anatembea. Zikilingana kwa mengine, chukua iliyo karibu.