Kuosha, Kukausha na Kusuka Nywele za Kipilipili kwa Uzi, Bila Kutumia Moto

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanamke mwenye nywele za kipilipili zisizotiwa dawa, anayeishi katika hewa ya unyevu kama hii yetu ya Unguja na ambaye kila akitoka huwa amejifunga mtandio. Nywele nyingi ninazoletewa kibarazani zikiwa zimekatika zilichanwa kavu, au zilisukwa kwa kuvutwa mno. Na vichwa vingi vinavyowasha na kutoa harufu ni vile vilivyofunikwa ilhali nywele zingali mbichi. Mafuta ya asili ya ngozi ya kichwa hushuka bila shida kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye unywele uliojiviringa hukwama njiani, na kila pindo la unywele huo ni mahali pepesi kukatikia. Ndiyo maana ncha huwa kavu hata pale mzizi unapong'aa.

Tayarisha mafuta ya nazi, shampuu, kondishena, chanuo lenye meno mapana, vibanio vinne, uzi mweusi wa kusukia, fulana kuukuu ya pamba na kitambaa cha satini.

Hatua ya kwanza: kupaka mafuta kabla ya kuosha

Gawa nywele mafungu manne, kisha paka mafuta ya nazi kuanzia ncha kupanda juu, uyaache kwa saa moja au usiku kucha. Mafuta haya yana sifa ya kupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu yake tu, na hivyo hupunguza madhara ya unywele kunywa maji na kuvimba wakati wa kuosha. Ukiyapika mwenyewe nyumbani, tui likae kwenye moto mdogo mpaka maji yote yakauke na mashapo yawe ya kahawia, halafu chuja kwa kitambaa safi, kwani mafuta yaliyobakiwa na maji huchacha upesi. Yakiganda asubuhi za kusi usidhani yameharibika; huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mafuta ya karafuu, ambayo baadhi ya watu huyasifu kwa kukuza nywele, yasipakwe kichwani yakiwa matupu, kwa sababu huunguza ngozi.

Hatua ya pili: kuosha

Osha asubuhi ya siku ambayo huna safari. Shampuu ipakwe kwenye ngozi ya kichwa na kusuguliwa kwa ncha za vidole, si kwa kucha, na povu linaloteremka litatosha kusafisha nywele zenyewe. Sabuni ya kipande, hata ile nzuri ya mwani, mimi siitumii kichwani, kwa kuwa ina magadi yanayoukausha unywele na kuufanya uwe mkwaruzo.

Maji nayo yana neno. Kisiwa chetu kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, na maji yake ya visima huwa na chokaa. Ukiona utando mweupe umeganda ndani ya birika, jua kwamba chokaa hiyo hiyo hubaki kwenye nywele na kuzifanya ngumu. Kwa suuzo la mwisho tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi, au maji yaliyochemshwa, yakaachwa yapoe na kutulia, kisha yakamiminwa polepole ili chokaa ibaki chini.

Hatua ya tatu: kuchana

Paka kondishena kwa wingi na uchane nywele zikiwa nayo, fungu moja baada ya jingine, ukianzia ncha na kupanda kidogo kidogo kuelekea mzizi. Ukikuta fundo, liachanishe kwanza kwa vidole. Suuza, kamua kwa fulana bila kusugua, kisha sokota kila fungu misokoto miwili au mitatu.

Hatua ya nne: kukausha

Acha misokoto wazi mpaka ikauke kabisa. Siku za masika jambo hili huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyotaka kungoja, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yote, kwa kuwa joto na unyevu chini ya ushungi hukuza ukungu unaochochea mba. Ukilazimika kutoka mapema, ni heri usioshe siku hiyo.

Hatua ya tano: kufunga uzi

Fumua msokoto mmoja, upake mafuta kidogo, kisha chukua uzi uliokunjwa mara mbili. Zungusha mara tatu karibu na mzizi, uukaze kiasi cha kushika tu, halafu shuka nao hadi nchani ukiacha nafasi ndogo kati ya mzunguko na mzunguko. Ncha ikunje, uzungushe uzi juu yake na ufunge. Nywele za panja na za kisogoni zifungwe kwa ulegevu zaidi. Msuko ukiuma, au ukiona vipele vidogo kwenye mizizi, ufumuliwe siku hiyo hiyo, maana nywele zinazovutwa kila mara mwishowe hunyonyoka na huenda zisiote tena.

Nafasi hizo za uzi zina faida nyingine. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa kwetu, si lazima kufumua msuko wakati wa josho ikiwa maji yanafika ndani yake. Uzi uliobana mwanzo hadi mwisho huyazuia.

Vaa satini kichwani kabla ya mtandio wa pamba, kwani pamba hunyonya mafuta na unyevu wa nywele.

Hatua ya sita: kufungua

Kwa anayetaka kuzinyoosha tu, usiku mmoja unatosha. Anayeuvaa kama msuko asipitishe wiki moja. Fungua kuanzia ncha, ukiuzungusha uzi kinyume kwa mkono, wala usiupitishie mkasi, kwa kuwa uzi mweusi na nywele nyeusi havitofautiki kwa urahisi.