Kabla hujanunua basi, panda njia yake

Nimekuwa fundi wa mabasi hapa Iringa kwa miaka 22. Mara nyingi nalala chini ya gari ambalo kosa lake si la dereva wala la fundi. Lilifanyika siku ya kununua. Tajiri alikwenda yadi, akaona rangi, viti laini na runinga, akalipa. Njia hakuiuliza kitu.

Ndugu yangu unayetaka kuingia kwenye biashara hii, anza na daftari. Panda basi la mwenzako kama abiria, kwenda na kurudi, wiki mbili ukiweza. Usihesabu vichwa stendi tu, hesabu waliobaki ndani baada ya kila kituo. Iringa hadi Dar ni kama kilomita 500 na wengi wanafika mwisho wa safari. Hao wanataka kiti cha kulalia na sehemu ya kuchajia simu. Wa njia ya Idodi na Tungamalenga wanapanda na kushuka kila kijiji, na magunia, kuku na mabati. Hao wanataka mlango mpana, buti kubwa na keria imara. Ukinunua basi la viti 57 kwa njia inayojaza Ijumaa peke yake, siku nyingine zote unachoma dizeli kubeba viti.

Kisha iangalie barabara yenyewe. Tajiri wangu mmoja aliwahi kupeleka basi refu, tumbo chini, injini nyuma, kwenye njia ya kijijini wakati ule ikiwa vumbi tupu. Kwenye drifti ya kwanza, yaani kivuko cha zege cha korongo, mkia ulikwaruza zege, bomba la upepo wa breki likakatika, na upepo ulipoisha breki za nyuma zikajifunga zenyewe katikati ya korongo. Abiria walishuka wakatembea na mizigo kichwani. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta rejeta imegandwa na vumbi jekundu, nene kama udongo wa kusiliba ukuta, kwa sababu tairi zilikuwa zinalirusha na feni inalivuta. Tangu siku hiyo, kwa njia ya vumbi nashauri chasisi ya lori, injini mbele, springi za vyuma, bodi iliyoundwa hapa nchini. Lina kelele na dereva anapata joto miguuni, lakini jioni linarudi nyumbani.

Kwa anayepita mlima wa Kitonga, watu huniuliza nguvu ya kupanda. Mimi nauliza kushuka. Gari lisilo na ritada, kifaa kinachopunguza mwendo bila breki za magurudumu, linategemea eksozi breki, ile inayobana moshi wa injini, na gia. Dereva akichelewa kupunguza gia, anabaki na breki za miguu, nazo zikipata moto zinapoteza nguvu. Nenda chini ya mlima, mahali mabasi yanaposimama baada ya kuteremka. Sogea karibu na rimu bila kugusa. Ukinusa lainingi ya breki iliyoungua na kuona hewa inachezacheza juu ya chuma, usinunue gari la aina hiyo kwa njia hii, hata upewe punguzo la namna gani.

Mafuta yapigie hesabu mwenyewe. Gari la kilomita 3 kwa lita litatumia lita 167 hivi hadi Dar. La kilomita 2.5 litatumia 200. Tofauti ni lita 33 kwa safari moja, na kwa safari 26 za mwezi inapita lita 850. Muulize pia muuzaji kama injini inahitaji AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, maana ikiisha njiani gari linapunguziwa nguvu, nawe una mlima mbele.

Uzito nao. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne. Basi la injini nyuma limeshabeba sehemu ya tani hizo kabla abiria hajapanda. Taka uzito wake likiwa tupu, ekseli kwa ekseli, vinginevyo mizani ya Vigwaza ndiyo itakayokuambia.

LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nenda mapema, kabla ya malipo. Mpangilio wa viti unagusa daraja la basi, na daraja linagusa nauli.

Spea usiulize kwa ujumla. Andika vitu kumi, ukiweka klachi pleti, filta, lainingi na kioo cha mbele, upite navyo maduka ya Kariakoo. Kioo cha mbele ndicho kipimo changu kikubwa. Jiwe moja linakipasua, na kama kinaagizwa China, basi litalala gereji huku mkopo unaendelea.

Siku ya kukabidhiwa nenda na dereva atakayeliendesha na fundi atakayelitengeneza. Mpe fundi spana, abadilishe belti ya feni hapo hapo yadi, wewe ukishika saa. Kuna gari lilinichukua saa mbili, kwa kuwa ilibidi nifungue kwanza vitu vingine vitatu. Likikwama usiku ndani ya hifadhi ya Mikumi, watoto wamelala vitini na tembo wako ng'ambo ya barabara, belti hiyo inatakiwa ibadilike kwa dakika 20.