Kuchora Filamu Fupi ya Katuni kwa Ajili ya Watoto: Mwongozo kutoka Ufukweni mwa Ziwa, Mwanza

Filamu ya katuni iliyochorwa kwa mkono inaweza kutengenezwa na mtu mmoja mwenye meza, rimu ya karatasi za A4, penseli, raba, taa mbili na simu yenye kamera nzuri. Vifaa hivyo hupatikana katika maduka ya vifaa vya shule na ofisi mjini Mwanza. Kinachowakwamisha wengi ni kuanza kuchora kabla ya kujua kila tendo litachukua muda gani, na katika kazi hii kila sekunde hulipwa kwa karatasi.

Sinema huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde. Wachoraji wa katuni wamezoea kuuacha kila mchoro ukae kwa picha mbili, hivyo michoro 12 hutosha kwa sekunde moja. Kwa hesabu hiyo dakika moja ingehitaji michoro 720, wakati rimu ina karatasi 500. Hata hivyo, mhusika anaposimama kusikiliza, mchoro mmoja unaweza kukaa sekunde mbili nzima, na kupepesa macho hakuhitaji zaidi ya michoro mitatu. Kutembea nako ni mzunguko: michoro 12 hukamilisha hatua mbili, kisha hiyohiyo hurudiwa kadiri safari inavyoendelea. Ukipanga vizuri, idadi itashuka hadi chini ya nusu. Karatasi ulizookoa uzitumie zote katika tendo moja ambalo mtoto ataomba kulitazama tena.

Kwa watoto wa miaka minne hadi saba, chagua mhusika mmoja, jambo moja analolitaka na kizuizi kimoja. Tuchukue mfano wa mwaloni Igombe, ufukwe wa Mwanza ambako wavuvi hushusha samaki: msichana ameachwa na bibi yake alinde dagaa walioanikwa juu ya kichanja, na yangeyange mmoja anawavizia. Hadithi hiyo inaeleweka hata bila maneno. Zaidi ya hayo, yangeyange ni mweupe, kwa hiyo karatasi yenyewe ndiyo rangi yake na mchoraji hudaiwa mstari wa nje tu, pamoja na mdomo na miguu. Mhusika mwenye shati la madoadoa atakulazimisha kuyarudia madoa hayo mara mamia, na hakuna mtoto atakayekushukuru kwa kazi hiyo.

Kabla ya mchoro wowote, rekodi sauti. Chukua daftari la mistari, na kila mstari uwe mchoro mmoja, ili mistari 12 iwe sekunde. Sikiliza rekodi mara nyingi, kisha andika kila silabi kwenye mstari inapoangukia. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwa sababu karibu kila silabi huishia na irabu, na irabu zetu ni tano tu. Andaa midomo saba: uliopanuka wa *a*, uliofunguka kiasi wa *e*, uliotandazwa wa *i*, wa duara wa *o*, mdogo uliochongoka wa *u*, uliofumbwa wa *m*, *b* na *p*, na mmoja ambao meno ya juu yanagusa mdomo wa chini kwa ajili ya *f* na *v*. Msichana anaposema "Toka hapa!" utachora duara, mpanuko, mpanuko tena, kufumba, kisha mpanuko wa mwisho, na kwa usemi wa kawaida kila silabi itakaa takribani michoro miwili. Ukikosa muda wa mambo mengine, usikose kufumba midomo kwenye *m*, *b* na *p*, kwani hapo ndipo kosa huonekana haraka.

Ili michoro isirukeruke, kila karatasi lazima ikae mahali palepale. Panchi ya kawaida ya ofisini hutoboa matundu mawili yenye upana wa milimita 6, yakiwa yameachana kwa milimita 80. Mwombe fundi seremala akuchongee vijiti viwili vya unene huo, avisimamishe kwenye ubao mwembamba, na vyote viingie kwenye matundu bila kulegea. Ubao huo ufungwe ukingoni mwa kioo chenye unene wa milimita 5, kilichowekwa juu ya sanduku lenye balbu ya LED ndani, ambayo haitoi joto kali. Mwanga ukipita chini, utauona mchoro uliotangulia na kujua mstari mpya usogee kiasi gani.

Mandhari isichorwe upya katika kila karatasi. Nunua plastiki angavu zile zinazotumika kufungia ripoti, na juu ya plastiki moja chora kichanja, mitumbwi na majabali ya Mwanza, yakiwemo mawe yaliyobebana kama lile la Bismarck. Paka rangi nzito sehemu hizo, lakini acha wazi eneo ambalo wahusika watachezea. Wakati wa kupiga picha, plastiki hiyo hukaa juu na karatasi za wahusika hubadilishwa chini yake. Ndiyo maana inafaa mchanga na anga vibaki vyeupe.

Sasa tuje kwenye tendo lenyewe, yaani yangeyange anaporuka na samaki mdomoni. Nenda mwaloni asubuhi ukamtazame kabla ya kumchora. Hukunja miguu kwanza na kuinamisha mwili, kisha hujisukuma huku mabawa yakipiga kuelekea chini, na akishakaa angani shingo hujikunja kama herufi S na miguu hubaki imenyooka nyuma. Chora kwanza michoro mikuu minne: kusimama, kuinama, kujisukuma na kupaa. Ndipo ujaze ya kati. Kuinama kupewe michoro mingi iliyokaribiana, ili mtoto apate nafasi ya kutambua kwamba jambo linakuja. Kujisukuma kupewe miwili au mitatu iliyoachana sana. Michoro ikiachana sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndege ataonekana anavutwa kwa kamba. Ncha za mabawa zipite katika njia ya upinde, wala zisipande na kushuka kwa mstari ulionyooka.

Mawimbi ni mzunguko wa michoro minane. Upepo nao uwe wa kweli: mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Hadithi yetu ni ya mchana, kwa hiyo kanga ya msichana ipepee kuelekea milimani. Watoto wa Igombe wanalijua hilo, na wanastahili filamu isiyowadanganya kuhusu mahali pao.

Piga picha usiku, au ndani ya chumba kilichozibwa madirisha, kwa sababu wingu likipita juu ya ziwa hubadilisha mwanga, na filamu itamulika na kufifia bila mpangilio. Taa mbili zinazofanana ziwekwe kulia na kushoto, zikimulika kwa mshazari. Simu ifungwe imara ikitazama chini, iwekwe katika hali ya ndegeni (airplane mode) ili simu za watu zisiitikise, na mwanga pamoja na fokasi vifungwe visibadilike vyenyewe. Tumia programu ya kupiga picha mojamoja iliyowekwa kwenye picha 12 kwa sekunde. Msimu wa mvua karatasi hujikunja kwa unyevu. Kipande cha kioo safi juu yake huinyoosha.

Kabla ya kusafisha mistari kwa wino, ipige picha michoro ya penseli na uwaonyeshe watoto wachache bila kuwaeleza chochote. Angalia wanapogeuza macho pembeni, maana hapo pana tendo lililochukua muda mrefu mno au lililopita kabla hawajalielewa. Kurekebisha penseli ni kazi ya jioni moja, lakini wino hauna huruma.

Sauti za mazingira, kama vile makasia, mawimbi na wachuuzi, zirekodiwe mwaloni penyewe. Muziki wa mtu mwingine usitumike bila idhini yake ya maandishi. Na ikiwa unakusudia kuionyesha hadharani, ipeleke kwanza Bodi ya Filamu Tanzania ikaguliwe na kupangiwa daraja la umri, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976.